Kivuli Kipunguzwe Kidogo Kidogo
Mazungumzo ya wazazi wawili wa Mbugani, Kyela, katika maadhimisho ya hekalu letu



Kamati ilipotuomba tuseme neno juu ya malezi, tulisita. Sisi si madaktari wala walimu. Ni mume na mke wenye duka dogo, watoto wawili na bibi yao tunayemwita Ba. Tukaambiwa kwamba hicho ndicho kilichotakiwa: maneno ya watu waliokosea jambo nyumbani mwao, wakaonyeshwa kosa lao, wakajitahidi kulirekebisha. Basi tumekubali. Binti yetu, ambaye sasa ana umri wa kuulizwa, ametupa ruhusa tuyaseme haya kwa sharti moja, nalo ni kwamba tusimtaje jina. Tutalishika sharti hilo.

Kila aliyezaliwa Kyela au kuhamia hapa anaijua masika yake. Mvua ya milima ya Rungwe haikai mlimani. Hushuka kwa Kiwira, kwa Mbaka na kwa Lufilyo. Nao Songwe, ulio mpakani mwetu na Malawi, umebadili njia yake mara nyingi kiasi kwamba nchi hizi mbili zimelazimika kuketi pamoja kupanga namna ya kuutuliza. Maji yote hayo hupita katika mbuga hii tambarare kabla ya kufika Ziwa Nyasa. Ndiyo yanayotupa mchele unaosifiwa nchi nzima, na ndiyo yanayoingia majumbani mwetu bila kupiga hodi.

Masika moja, miaka kadhaa iliyopita, yaliingia kwetu usiku. Binti yetu alikuwa na umri wa miaka minane. Aliamka akakuta viatu vyake vinaelea. Tulimbeba yeye na mdogo wake hadi kwa jirani aliyejenga kwenye mwinuko, na kabla ya jua kuchomoza tulikuwa wote salama. Tulipoteza magunia ya mchele na godoro mbili. Tukamshukuru Mungu, tukadhani yamekwisha.

Hayakwisha. Wahenga walisema kwamba aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mtoto wetu alianza kushtuka mvua ikipiga bati. Kisha akashtuka kwa mawingu tu. Mwishowe hata mlio wa maji yanayojaa ndooni ulimtoa machozi. Kila asubuhi tumbo lilimuuma. Alituuliza, "Mto umefika wapi?" Tukamjibu. Baada ya dakika tano akauliza tena. Usiku hakulala ila katikati yetu. Shuleni alikosa siku moja, kisha mbili, kisha wiki nzima.

Sisi tulifanya nini? Tulifanya yale ambayo mzazi yeyote mwenye huruma angeyafanya. Tulimwambia hakuna kitu, maji hayatakuja tena. Tulimlaza kitandani kwetu. Mawingu yakitanda tulimwacha nyumbani. Redio ikianza kutangaza hali ya hewa tuliizima. Kila tulipofanya hivyo alitulia mara moja, nasi tukaona tumemsaidia. Lakini kesho yake hofu ilirudi ikiwa imenenepa.

Tulipompeleka kupimwa tumbo, hakukuonekana ugonjwa. Mhudumu wa afya aliyetupokea hakusema kwamba mtoto anajisingizia. Alituambia maumivu yale ni ya kweli, kwa kuwa mwili wenye hofu hujiandaa kukimbia au kupigana: moyo huenda mbio, mikono hulowa jasho, tumbo hujikaza. Kisha akauliza swali ambalo hatukulitazamia: "Akiogopa, nyinyi hufanya nini?" Tukamtajia yote, tena kwa fahari kidogo. Alisikiliza hadi mwisho, akasema kwa upole, "Basi kila anapokimbia, nyinyi humthibitishia kwamba alipaswa kukimbia."

Ndugu zetu, neno hilo lilituuma, kwa sababu lilikuwa kweli. Mtoto anayekwepa kila kinachomtisha hupata nafuu ya saa moja, lakini hapati nafasi ya kugundua kwamba angeweza kukivumilia. Nasi, kwa mapenzi yetu wenyewe, tulikuwa tumemnyima nafasi hiyo.

Jioni ile tulimsimulia jirani yetu, yule yule aliyetupokea usiku wa maji. Yeye ni mkulima wa kakao. Alicheka kidogo, akatuonyesha shamba lake. Mche wa kakao, alisema, haupandwi juani. Hupandwa chini ya mgomba, maana jua kali lingeuunguza. Lakini mkulima anayeuacha kivulini daima atapata mti mrefu wenye majani mengi na matunda machache, na hayo machache yataoza kwa unyevu. Kwa hiyo mti unapokua, yeye hupunguza kivuli. Hakiondoi chote siku moja. Leo jani, wiki ijayo jani jingine. "Nyinyi," akasema, "mmemwongezea migomba."

Hayo mawili, swali la mhudumu na shamba la jirani, ndiyo tuliyokuja kuwagawia leo. Yaliyobaki ni maelezo ya namna tulivyopunguza kivuli.

Jambo la kwanza lilikuwa kusema kweli. Hapa tulikuwa na ugumu ambao huenda wazazi wa mahali pengine hawana. Mtoto anayeogopa zimwi unaweza kumwambia hakuna zimwi. Lakini mtoto wa Kyela anayeogopa mafuriko, utamwambia hakuna mafuriko? Tulikuwa tumemwambia hivyo, na yeye, aliyeona viatu vyake vikielea, alijua tunamdanganya. Mtoto akijua kwamba wazazi wake wanaficha jambo, hulifikiria kuwa kubwa kuliko lilivyo.

Basi tulimketisha tukamwambia: maji yanaweza kuja tena. Siku nyingi za mvua hayaji. Yakija, tutafanya hivi. Tukaandaa mkoba pamoja naye: vyeti vya kuzaliwa ndani ya mfuko wa nailoni, tochi, kanga mbili, biskuti, na daftari lake. Tukakubaliana baba atamshika nani na mama atamshika nani, na nani atamwongoza Ba. Tukaipita njia ya kwenda kwa jirani mchana kweupe, tukaipita tena jioni kwa tochi. Tuliona uso wake ukibadilika. Alipopata kazi ya kufanya, hofu ilipungua nguvu.

Jambo la pili lilikuwa lile swali lake lisilokwisha. Tulipatana aulize mara moja tu kwa siku. Jioni tulisikiliza pamoja utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, redio ile ile tuliyokuwa tukiizima, kisha yeye na baba wakaenda kutazama kijiti chenye alama walichokisimika kando ya mtaro. Akiuliza tena baada ya hapo, hatukumkaripia, wala hatukumjibu upya. Tulisema: "Jibu unalo. Tunaona ni vigumu kwako, na tunajua utaweza." Usiku wa kwanza alilia kwa hasira, nasi tukakaribia kushindwa. Ba alikasirika, akasema tumekuwa na mioyo ya mawe. Usiku wa nne aliuliza mara mbili tu.

Jambo la tatu lilikuwa ngazi. Tuliandika pamoja naye ngazi ya vidato saba, na yeye mwenyewe ndiye aliyevipanga kuanzia kilicho chepesi. Cha kwanza kilikuwa kusimama mlangoni wakati wa rasharasha, mkono wake ukiwa mkononi mwa baba. Vidato vya kati vilihusu kulala: alilala chumbani kwake usiku usio na mvua, mama akiketi kwenye kiti kando ya kitanda, kisha kiti kikasogezwa mlangoni, kisha nje ya mlango. Baadaye alikwenda shule siku ya mawingu, akifuatana na watoto wa jirani. Cha mwisho kilikuwa kuutazama mto uliojaa akiwa mahali pa usalama. Hatukupanda kidato kipya hadi cha chini yake kimezoeleka. Akipanda, tulimpongeza kwa ujasiri, hata kama machozi yalikuwa bado mashavuni. Maana jasiri si yule asiyeogopa. Ni yule anayeogopa, naye akapiga hatua.

Njia hii si mpya. Mwaka 1924, nchini Marekani, mwanasaikolojia Mary Cover Jones alichapisha habari za mtoto aitwaye Peter, asiyetimiza hata miaka mitatu, aliyemwogopa sungura. Alipokuwa akila chakula alichokipenda, sungura aliletwa ndani ya tundu na kuwekwa mbali. Siku baada ya siku tundu lilisogezwa karibu, hadi mwisho mtoto akamshika sungura kwa mikono yake. Katikati ya safari hiyo Peter aliugua akalazwa, kisha akatishwa na mbwa mkubwa, na hofu yote ikarudi. Hawakukata tamaa, walianza tena. Tunaisema sehemu hiyo kwa makusudi, kwa kuwa binti yetu naye, baada ya radi moja kubwa, alishuka kutoka kidato cha tano hadi cha pili. Kurudi nyuma si kushindwa.

Na kabla ya wanasaikolojia, wazee wa Unyakyusa walikuwa na hekima ya namna hii. Majirani zetu wanajua kwamba zamani vijana wa kiume, wakifika umri wa miaka kumi hivi, walihamia kulala katika kijiji cha rika lao. Mtaalamu Monica Wilson aliyaandika hayo katika kitabu chake cha mwaka 1951. Lakini vijana hao walirudi kula kwa mama zao. Usiku mtoto alijifunza kujitegemea, na chakula kikamhakikishia kwamba hajatupwa. Hatusemi turudi huko. Tunasema tu kwamba kumwachia mtoto polepole ni jambo ambalo nchi hii imelijua siku nyingi.

Jambo la nne lilikuwa pumzi. Tulimfundisha kuvuta hewa kwa hesabu ya nne na kuitoa polepole kwa hesabu ya sita, kama mtu anayepoza uji. Ba, ambaye sasa alikuwa amekubali, alifanya naye kila jioni baada ya arati. Pumzi ndefu haiifukuzi hofu, lakini huufanya mwili utulie kiasi cha kuweza kusikia.

Jambo la tano ndilo gumu kuliko yote, nalo ni nyuso zetu wenyewe. Mtoto husoma uso wa mzazi kabla ya kusikia maneno yake. Mmoja wetu alikuwa akiamka kila mvua inapoanza na kuzunguka nyumba akigusa sakafu. Tulimtaka binti yetu alale, huku sisi tukilinda usiku kucha. Ilitubidi tukiri, mume kwa mke na mke kwa mume, kwamba nasi tulikuwa tunaogopa. Katika Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani, Eli Lebowitz na wenzake waliwafundisha wazazi peke yao, bila mtoto kuhudhuria matibabu, namna ya kupunguza yale wanayoyafanya ili kuikwepa hofu ya mtoto. Watoto hao walipata nafuu sawa na wale waliotibiwa wenyewe. Sisi hatukushangaa kuisikia habari hiyo, kwa kuwa kwetu nyumba nzima ililazimika kupona.

Tumesema sana juu ya maji, lakini hofu za watoto wetu ni nyingi. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 301 duniani walikuwa na maradhi ya wasiwasi, na milioni 58 kati yao walikuwa watoto na vijana wadogo. Wapo wanaoogopa mtihani wa darasa la saba kila Septemba ikikaribia. Wapo wanaoogopa shule ya bweni, au ugomvi wa wazazi usiku, au ugonjwa wa mama. Mwaka 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza orodha ya shule na wanafunzi kumi bora. Lakini katika nyumba zetu orodha hiyo bado inatangazwa mezani kila jioni: fulani kapata ngapi, mtoto wa kaka yako kapata ngapi. Tuache. Mtoto anayetetemeka mbele ya karatasi ya mtihani hasaidiwi kwa kuambiwa watu wangapi wamemshinda. Anasaidiwa kwa saa za kusoma zilizopangwa, usingizi wa kutosha, na kujua kwamba siku ya matokeo atapewa chakula kile kile na kuitwa jina lile lile.

Tuko hekaluni, basi tukumbuke pia simulizi tuliyolelewa nayo. Katika Bhagavad Gita, Arjuna, shujaa asiyeshindwa kwa upinde, alifika uwanjani mwili ukamsaliti: kinywa kilikauka, viungo vililegea, ngozi ikawaka, upinde ukateleza mkononi, akaketi chini ndani ya gari lake. Aliyekuwa naye hakumcheka, wala hakuligeuza gari wakakimbia. Alimwacha aseme yote, akamjibu kwa subira, na muda wote huo alibaki pale pale, hatamu zikiwa mkononi. Baadaye, Arjuna alipolalamika kwamba akili ni ngumu kuishika kama upepo, alikubaliwa kwamba ni kweli ni ngumu, kisha akafundishwa kwamba inatiishwa kwa mazoezi ya kila siku na kwa kutoshikilia mno. Na katika sanamu nyingi za imani yetu kuna mkono wa kuume ulioinuliwa, kiganja kikiwa wazi. Ishara hiyo inaitwa abhaya, yaani pasipo hofu. Tuliitazama miaka mingi bila kuona kwamba kiganja kile hakimbebi mtu. Kinamwambia: nipo, njoo.

Sasa tuseme maneno mawili ya tahadhari. La kwanza: kabla ya kumpandisha mtoto ngazi, hakikisheni kwamba hofu yake haielekezi kwenye hatari ya kweli. Mtoto anayekataa ghafla kwenda shule, au kukaa na mtu fulani, au kupita njia fulani, huenda anadhuriwa. Huyo hahitaji ngazi, anahitaji kulindwa. Msikilizeni bila kumkatiza, wala msimwambie anyamaze kwa ajili ya heshima ya ukoo. Ipo simu ya msaada kwa mtoto, namba 116, isiyolipiwa, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga. La pili: hofu ikidumu wiki nyingi, mtoto akiacha kula, kulala au kusoma, au akisema anatamani kufa, msingoje. Mpelekeni kituo cha afya, au hospitali ya wilaya, na ikibidi mpewe rufaa ya Mbeya. Sala tusiiache, lakini sala na tiba hazigombani.

Nanyi wazee wetu na majirani, tunawaomba jambo moja. Tusiwanyamazishe watoto kwa vitisho. "Nyamaza, mamba anakuja," "nyamaza, utachukuliwa usiku": maneno hayo huleta ukimya wa dakika moja, na gharama yake hulipwa kwa usiku mwingi. Tena, masika ijayo isitukute bila mpango. Kila nyumba ya mtaa wetu, iwe ya Mhindu, ya Mkristo au ya Mwislamu, ijue mwinuko wake uko wapi na ni mtoto yupi atashikwa na nani. Mpango huo ni kinga ya maji, na ni dawa ya hofu vilevile.

Mtasema: je, binti yenu amepona? Tutajibu kwa kweli, kama tulivyojifunza kumjibu yeye. Masika iliyofuata, mvua ilipiga bati usiku kucha. Tulilala macho wazi, masikio yakiwa chumbani kwao. Tulimsikia akiamka. Tulisikia pumzi yake, nne ndani, sita nje. Kisha mdogo wake akaanza kulia, nasi tukainuka kitandani, lakini kabla ya kufika mlangoni tulimsikia dada mtu akisema, "Mkoba uko tayari. Kijiti tumekitazama. Shika mkono wangu."

Tukarudi kulala. Hofu yake haijaisha. Anaishi nayo, kama sote tunavyoishi kando ya mito hii. Lakini sasa yeye ndiye mkubwa wake.